Majina Thalathini na Moja

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hucheka kwanza, kisha hujiona haya, kisha hucheka tena. Nilikaa sebuleni kwetu Matrah, Omani, nikiwa na miaka ishirini na moja na kalamu ya wino niliyoiringia sana, nikaandika barua ambayo mwenyewe niliiona nzuri kuliko barua zote zilizopata kutoka nyumba ile. Ilikuwa fupi, safi, haina hata neno moja la ziada. Barua hiyo ikakaribia kuvunja harusi ya mtu ninayempenda. Nakuhadithia leo kwa sababu nimesikia umeanza kazi katika ofisi ya mawakili, na nimeona jinsi unavyoandika. Usinune. Sikusemi kwa ubaya. Kosa ninaloliona mkononi mwako nililifanya mimi kabla mama yako hajazaliwa.

Sisi tulifika Matrah kutoka Unguja mwaka wa sitini na nne, kila mtu na alichoweza kubeba. Tulikaa katika nyumba ya ami yangu, imebanana na nyumba za watu nyuma ya forodha, ina chumba kimoja cha juu chenye madirisha yanayopokea upepo wa baharini siku upepo unapojisikia. Mkubwa wa nyumba alikuwa Bibi yangu. Pamoja nasi alikuwepo mdogo wake, Babu Nasor, na Raya, binti wa ami yangu mwengine aliyekwisha kufariki. Raya na mimi tulilelewa na Bibi na kulala mkeka mmoja tangu utotoni, na mpaka leo sijui kulala bila ya kusikia mtu pembeni akilalamika kuwa nimemvuta shuka.

Babu Nasor alikuwa karani wa wakili mmoja mjini Unguja kwa miaka mingi. Katika mali yake yote alitoka na kanzu mbili, bakora, na kitabu kimoja kinene cha Kiingereza. Mende walikuwa wamelila jalada, kurasa za mwanzo zimeng'oka, wala jina la mwenyewe halikuonekana popote. Lakini ndani yake mlikuwa na maisha na barua za mwanasheria mmoja wa Amerika, wa zamani zile nchi yao ilipokuwa bado changa inaota meno. Mtu huyo alizaliwa shambani. Alijifunza sheria kwa kunakili makaratasi katika ofisi ya wakili mwengine, akazunguka mahakama kwa mahakama juu ya farasi katika baridi kali, na mwisho akawa mmoja wa waliokaa kitako kuitungia nchi sheria zake. Baadaye akatumwa ng'ambo kwenda kuisemea mbele ya wafalme. Kote huko alikuwa akiandika barua, na kila aliyoiandika aliinakili kabla ya kuituma, ndiyo maana kitabu kilikuwa kizito vile.

Macho ya Babu yalikuwa yameshaingia ukungu, kwa hiyo kila siku baada ya chakula cha mchana nilimsomea, nikifasiri kwa Kiswahili ili wote tusikie. Nyumbani tulimwita Wakili tu, tukamzoea kama jirani. Bibi alikaa pembeni na sahani yake ya tambuu akijifanya hasikilizi, naye ndiye aliyekuwa akisikiliza kupita sote.

"Mkewe hajambo?" ataniuliza nikifunga kitabu.

"Hajasema, Bibi."

"Na mamake je? Si alikuwa mgonjwa katika khati ile, barua ile ya juzi?"

"Hajasema."

"Haulizi watu, huyu! Kasoma sheria zote za Amerika, adabu hana."

Babu Nasor alikuwa akikohoa kidogo tu. Mimi nilimtetea Wakili. Nilimwambia Bibi kuwa mtu mwenye akili haanzi barua kwa kuuliza kuku na mbuzi, huingia kwenye jambo lake moja kwa moja. Ndivyo alivyokuwa akiandika, na ndivyo nilivyotaka kuandika mimi.

Maana mimi, mwanangu, ndiye niliyekuwa mwandishi wa mtaa. Wazee wetu waliojua kuandika waliandika kwa herufi za Kiarabu, na watoto wao waliobaki Mombasa na Dar es Salaam walikuwa wamesoma skuli na wanataka herufi za Kizungu. Basi kila mwenye ndugu ng'ambo akija kwangu, huyu na kisahani cha halua, yule na dua tu. Kichwa changu kikavimba. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini mimi nilidhani za mtaa mzima zimeota kwangu.

Wewe umezaliwa zama za simu, kwa hiyo nikueleze barua ilikuwaje. Barua haikuwa ya mtu mmoja. Ikifika, majirani huitwa, watu hujaa, mmoja husoma kwa sauti. Habari zenyewe, nani kazaa, nani kafariki, nani kapata kazi Kuwait, huchukua nusu ukurasa. Halafu huja salamu, mtu mmoja mmoja kwa jina lake na la baba yake, na kila anayesikia jina lake hujibu papo hapo, "Wa alayka wa alayhi salaam," maana aliyemsalimia kesha ingia ndani ya nyumba. Nimeona wazee wakivaa vizuri kwenda kusikiliza barua isiyokuwa yao, kwa kutumai kutajwa. Mimi niliona ni kupoteza wino.

Ikaja posa ya Raya. Kijana alikuwa Said, mwalimu wa skuli Mombasa, waliyekua naye mtaa mmoja Unguja. Raya alipoisikia habari hiyo alikwenda jikoni akatia chumvi kwenye chai ya nyumba nzima, na hakuna aliyemlaumu. Majibu ya wanaume aliyaandika ami yangu, mistari mitatu ya Kiarabu kwamba hawana pingamizi. Lakini aliyezaliwa pwani anajua kuwa wanaume hutia saini tu, posa hujibiwa na wanawake. Bibi akanyoosha miguu mkekani akaniambia nishike kalamu.

Habari ya Raya ilikwisha kwa pumzi moja: tumekubali, tumefurahi, njooni kwa Bismillahi. Halafu akafumba macho akaanza salamu. Nilikuwa nikiandika rasimu kwanza, nije niinakili safi. Majina yakaja, hayeshi. Kufika la ishirini na mbili, Bibi akafumbua macho. Akafuta midomo kwa ncha ya kanga.

"Na Khole binti Hamed," akasema. "Muandike kwa jina lake na la babake. Uandike salamu za mkono kwa mkono."

Niliona Babu Nasor kainua uso. Sikuuliza kwa nini, maana nilikuwa nikihesabu yamebaki mangapi. Yalifika thalathini na moja.

Nilipokaa peke yangu kunakili, nikamfikiria Wakili. Nikajiambia, mtu kama yule angejaza kurasa tatu kwa majina ya vikongwe? Nikaandika habari ya Raya kwa ufasaha wote niliokuwa nao, na chini yake nikaandika, "Salamu kwa wote, wakubwa kwa wadogo." Ukurasa mmoja. Niliupuliza wino ukauke nikiutabasamia.

Kosa hilo la kwanza lilikuwa la ujinga, na mjinga husameheka. La pili nililifanya kwa kusudi. Bibi alitaka asomewe barua kabla ya bahasha kufungwa. Nikaishika ile safi juu na rasimu chini yake, nikamsomea majina yote thalathini na moja kutoka karatasi ya chini. Alitikisa kichwa kwa kila jina, akaridhika. Aliniamini, mwanangu, kwa sababu macho yake hayakuzijua zile herufi. Barua akaichukua Khalfan, binamu yake Bibi, aliyekuwa akifanya biashara ya ndimu kavu na akienda Mombasa mara kwa mara. Akaitia katika mkebe wake wa bati akaenda zake.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya raha. Raya alikuwa akimshonea Said kofia, ile kofia ya Kiomani yenye vitundu vidogovidogo ambavyo kila kimoja kinataka sindano yake na subira yake. Anashona huku anaimba, na akikosea anafumua huku anaimba vilevile. Bibi alishaanza kugawa kazi za harusi kwa watu ambao hawajui hata kuna harusi.

Khalfan aliporudi na majibu, tulijaa sebuleni mpaka mlangoni. Nikafungua bahasha kwa mbwembwe, nikasoma kwa sauti yangu nzuri ya kusomea: "Barua yenu imefika. Mambo ya posa tuyaweke kwanza, mpaka Mungu atakapopenda. Salamu kwa wote."

Mistari ilikuwa imekwisha.

"Wote?" Bibi akasema. "Wote ndo nani? Mie nnawasalimia watu thalathini na moja kwa majina, wao wananitupia 'wote'?"

Khalfan alikuwa amebaki na kikombe chake cha kahawa mkononi, na uso wa mtu anayetamani asingekuwepo. Bibi akamkazia macho mpaka akasema. Na hapo ndipo nilipojua Khole binti Hamed ni nani.

Alikuwa shoga yake Bibi tangu utotoni. Miaka kumi na moja nyuma, Bibi alipokuwa akioza binti yake wa mwisho kule Unguja, waalikaji walipita nyumba kwa nyumba kualika wanawake kwa mdomo, kama ilivyo ada, na mlango wa Khole wakausahau. Khole akangoja hodi, hodi isije. Hakwenda harusini. Bibi naye akangoja Khole aje amuulize. Kila mmoja akamngoja mwenziwe, na baina yao uchochoro mmoja, mpaka dunia ikageuka na baina yao ikawa bahari. Na huyo Khole ndiye bibi aliyemlea Said; sisi watoto tulimjua kwa kuwa bibi yake Said tu, jina lake hatukulijua. Bila ya neno lake, hakuna mtu Mombasa wa kupanga siku.

"Wallahi dada, alikuja hata Alasiri haijaadhiniwa," Khalfan akasema. "Kavaa buibui jipya, kajifukiza udi, kakaa karibu na msomaji. Said ndie alosoma. Ilipokwisha, bibi wa watu akamwambia, 'Hebu rudia mwisho, mjukuu wangu.' Akarudia. Akamwambia, 'Geuza karatasi, pengine iko nyuma.' Akageuza, nyuma nyeupe. Basi akainuka akasema, 'Mara ya mwanzo nlirukwa mlango, sasa nimerukwa jina.' Akenda zake."

"Lakini nlimtaja!" Bibi alipiga kelele. "Zeyana, si nlimtaja?"

"Ulimtaja, Bibi," nikasema. Na ilikuwa kweli.

"Basi kijana huyo ndie alonilia majina yangu! Mvivu mkubwa, kaona tabu kusoma, kamruka hata bibi yake alomlea! Asoaminika na khati ataaminika na mke? Zeyana, leta karatasi. Andika posa imekwisha. Khalfan anarudi kesho kutwa, ataondoka nayo."

Nilimtazama Raya. Alikuwa na kofia mapajani, imebaki duara moja kumalizika. Alichomoa sindano akaipachika kwenye uzi, akaikunja kofia taratibu akaitia chini ya mto. Hakulia. Angelilia ningelipata nafuu. Mdharau mwiba mguu huota tende, na wangu ulishaota, lakini nilisema tu kwamba tusali Adhuhuri kwanza.

Tulipokwisha kusali, Babu Nasor akaniita chumba cha juu. "Kabla ya khati ya dada, nisomee mie kidogo."

"Ipi, Babu?"

"Ile Wakili alomuandikia rafiki yake waliegombana nae. Soma mpaka mwisho."

Nikasoma. Ilikuwa juu ya ugomvi wao katika baraza la nchi, sheria moja waliyoikamatania mpaka wakaacha kupeana mikono. Nikafika pale nilipozoea kufika, nikafunga kitabu. "Imekwisha, Babu."

"Haijesha. Imebaki nusu ukurasa. Kitabu hichi nimekisoma mara nne kabla hujazaliwa. Unadhani sijui unapokatia?"

Nikakifungua tena. Ndiyo, mwanangu, nilikuwa nikiruka. Mwisho wa kila barua ya Wakili kulikuwa na mistari ya majina tupu, majina ya watu nisiowajua, na mimi nilikuwa na hamu ya kesi na wafalme. Sasa nikaisoma. Alimuuliza rafiki yake hali ya goti lake. Alimsalimia mama yake rafiki huyo kwa jina, akitumai kikohozi kimemwacha. Akawasalimia mabinti wawili, kila mmoja peke yake, na mmoja wao akamkumbusha kwamba walicheza dama akamshinda na hajasahau. Akamsalimia bibi anayeoka mikate ya nyumba ile, na mzee anayefungua lango, na akauliza kama mbwa kipofu wa mzee huyo bado anaijua njia ya jikoni. Mwisho kabisa mkewe anawasalimu, na anaomba mbegu za lile ua jeupe. Mtu amegombana na mwenziwe juu ya sheria ya nchi nzima, mbwa wa bawabu hakumsahau.

"Sasa niambie," Babu akasema. "Khati ya Mombasa uliikatia wapi?"

Nikamwambia yote. Nilipofika kwenye ile rasimu ya chini nilikuwa nikinong'ona. Babu hakunifokea, na ningependa angenifokea.

"Nlidhani unaruka kwa kunihurumia masikio yangu," akasema. "Kumbe kiburi. Skiza, mjukuu wangu. Habari hata Khalfan angezisema kwa mdomo, tena kwa chumvi yake. Khati hupelekwa kwa ajili ya salamu, habari zimedandia tu. Weye umewashusha abiria ukapeleka mizigo."

"Babu, mwambie wewe Bibi. Wewe atakusikiliza."

"Mie? Hata! Muungwana akivuliwa nguo huchutama, na wa kuchutama hapa ni weye. Na fanya hima. Pale chini pana kijana anahukumiwa na hayupo mahakamani, na shahidi wake peke yake duniani ni weye, umekaa huku juu na mie."

Ngazi zile zilikuwa kumi na nne. Nilizihesabu zote. Bibi alikuwa na karatasi tayari mapajani, na Raya amekaa ukutani anatazama mikono yake. Nikapiga magoti.

"Bibi, Said hakuruka kitu. Alisoma kila kilichoandikwa. Niliyeruka ni mimi."

Nikaeleza ile ya juu na ile ya chini. Bibi akaisukuma kando sahani ya tambuu.

"Lakini ulinisomea majina."

"Ndio, Bibi."

"Nikakutikisia kichwa."

"Ndio, Bibi."

"Nimeshadanganywa na watu wengi katika umri wangu," akasema polepole, "lakini kudanganywa na mtoto nliomlea mwenyewe, kanikalia uso kwa uso, hii mpya." Kisha akauliza, "Na nani kakufunza uhodari huo? Si huyo Wakili wenu?"

Nikamwambia hapana, Wakili sasa nimemsingizia mara mbili. Alikuwa akiuliza watu katika kila barua. Mkewe hajambo, na mama yake alipoa zamani.

Bibi akashika kifua. "Yarabi toba! Mwaka mzima nnamsengenya maiti wa watu, kumbe ana adabu zake! Mungu anisamehe. Na yule mwenziwe wa mahakamani, mgonjwa wa tumbo? Alopanda farasi?"

"Kapoa, Bibi. Kaletewa salamu na dawa."

Aliyecheka wa kwanza alikuwa Raya. Alijaribu kuzuia kwa kanga, ikamshinda, na Bibi akamwangalia akataka kukasirika, naye ikamshinda. Tulicheka mpaka Khalfan akachungulia kuuliza kama kuna habari njema. Nilikuwa nikicheka na machozi yananitoka, na sijui hata sasa yalikuwa ya nini.

Lakini usidhani niliachiwa. Bibi alitoa hukumu palepale: niandike upya, nianze na kosa langu kwa jina langu mwenyewe, kisha nije kwenye salamu. Na kabla ya kuandika kila jina nikae nielezwe mtu huyo ni nani. "Huwezi kumruka mtu unaemjua," akasema.

Alasiri yote ile na asubuhi ya pili tulikuwa kwenye salamu. Nikamjua Bi Mwanakombo, aliyekuwa akilala katika kila harusi na kuzinduka akiuliza, "Biharusi kesha toka?" Nikamjua Mzee Juma, aliyeazima sinia akalirudisha baada ya miaka tisa, na juu yake halua ya kuomba radhi. Nikawajua pacha wawili ambao mama yao aliwachanganya wachanga, na mpaka wamezeeka kila mmoja akimwambia mwenziwe, "Pengine mie ndo weye." Raya alikuwa ametoa kofia chini ya mto bila ya mtu kumwambia, na sindano inakwenda. Majirani wakasikia vicheko wakaja, na kila aliyekuja akaongeza kisa chake. Sikupata kuandika barua kwa furaha kama ile.

Jina la kwanza safari hii lilikuwa la Khole binti Hamed. Hapo Bibi hakucheka. Aliniambia niandike hivi: kwamba waalikaji walipita njia ya msikitini wakausahau uchochoro wake, na kwamba yeye Bibi alijua siku ileile kabla ya magharibi. "Mwambie nliona tabu kwenda," akasema. Kisha akaongeza, "Mwambie hiyo tabu jina lake kiburi." Niliandika bila ya kumtazama usoni, kwa heshima.

Barua ilitoka kurasa kumi na moja. Khalfan akaipima kwa mkono. "Khati hii au msahafu?" akasema, na akabadilisha mkebe.

Siku za kungoja zilikuwa nzito, sikufichi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi hatukujua kama tumeziba au tumechelewa. Raya aliimaliza kofia, akaifua, akaipiga pasi, ikakaa juu ya sanduku haina kichwa. Hakuniambia neno moja la lawama, na usiku akinivuta shuka nilimwachia yote.

Khalfan alirudi akitweta. Hakungoja kukaribishwa, alianza kupiga kelele tangu barabarani kuwa mkebe umejaa. Nyumba ikafurika. Nikafungua, na kabla ya habari yoyote ilianza salamu, kurasa kwa kurasa, zilizoandikwa na Said kwa kinywa cha bibi yake. Jina la kwanza lilikuwa la Bibi, kwa jina lake na la babake, na la utotoni ambalo hakuna aliyebaki wa kumwita kwalo. Bibi akajibu salamu kwa sauti ya mtoto. Kila aliyetajwa akajibu, Babu, Raya, majirani, hata Khalfan aliyekuwa amebeba barua akatajwa akashtuka. Kisha nikasoma, "Na huyo mwandishi wenu, Zeyana, mwambieni nimemsamehe, na mkono wake haujambo? Maana safari hii umefanya kazi."

Nilitakiwa nijibu. Ndiyo ada, na mimi ndiye niliyekuwa nikiidharau. Nikalisoma jina langu mara ya pili. Raya akanifinya. "Jibu, we!" Nikajibu kwa kwikwi, "Wa alayka wa alayhi salaam," na nyumba nzima ikacheka, na mimi nikajua kwa mara ya kwanza jinsi mtu anavyojisikia akiitwa kwa jina kutoka mbali.

Mstari wa mwisho kabisa ulikuwa huu: "Nasikia kuna kofia huko. Kichwa chake kipo huku, kinangoja." Vigelegele vilivyopigwa vilimfanya ami yangu aje mbio kutoka dukani akidhani kuna moto.

Mwaka wa sabini Omani ikapata Sultani mpya, nchi ikafunguka, watu wakaanza kuingia, na Said akaja na bibi yake. Walifikia kwa jamaa zao, mitaa mitatu kutoka kwetu. Bibi hakutuma waalikaji. Alivaa, akashika mkono wangu, akatembea kwa magoti yake mabovu mpaka mlango ule, akapiga hodi mwenyewe.

"Khole, nimekuja kukualika harusini."

"Umekawia miaka kumi na mbili," sauti ikajibu kutoka ndani.

"Nlipita njia ya msikitini."

Walikaa wawili hao mpaka chakula cha mchana kikapoa, wanazungumza kwa pamoja, hakuna anayemsikiliza mwenziwe, na wote wawili wamefurahi.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Mimi baadaye nilifasiri makaratasi ya mahakama kwa miaka mingi, na sikukatazi kuandika kwa ufupi. Kesi andika fupi, ombi andika fupi. Lakini mtu usimfupishe. Ukituma ujumbe nyumbani usiandike "nisalimie wote," kwa sababu hakuna mtu anayeitwa Wote, na yule uliyemwona si wa lazima pengine ndiye aliyevaa nguo mpya akaja kukusikiliza. Ukisoma maisha ya wakubwa, soma na pale wanapouliza goti la mtu. Mimi nilichukua kwa Wakili ukali wa mwanzo nikamwachia upole wa mwisho, nikadhani nimesoma. Na ukikosea, nawe utakosea, shuka ngazi mapema. Usimwache mtu mwengine ahukumiwe kwa karatasi uliyoificha chini ya karatasi. Aibu ya kukiri ni ya mchana mmoja. Mimi yangu iliisha kwa kicheko, na hata isingeisha kwa kicheko ningelikuwa na wajibu uleule.

Nenda kazini kwako na radhi yangu. Mungu akupe kalamu nyepesi na moyo wenye nafasi. Akupe watu wengi wa kuwataja kwa majina yao na ya baba zao, asikupitishe mlango wa mtu ukasahau kugonga. Jina lako lisomwe mbali na uwe mzima wa kuitika. Na siku litakaposomwa nawe hupo tena, Mungu akujaalie nyumba iliyojaa watu wa kukuitikia. Amin.